Mbula wa Muthama na Mahindi Yaliyolala Ndani

Mchungaji, wazee wetu, mwaitu Kalunde, yaani mama yetu, aliyemzaa Muthama, na akina mama wote wa boma hili, majirani wa Matiliku, na ninyi mliotoka Kyuso tangu jana mkalala njiani ili mfike, tunawaomba mkae pale mlipopata kivuli mtusikilize, maana tumekusanyika leo, Ijumaa tarehe 18 Juni 1993, kumsindikiza Mbula binti Kiilu, mke wa Muthama, na kabla hajafunikwa na udongo ni haki yake maisha yake yasemwe kwa mpangilio, tangu alipozaliwa hadi hapa tulipomweka, na yasemwe yote.

Anayewasomea ni Nthenya, mke wa Kiema wa Kyuso, rafiki wa marehemu tangu utotoni, na kazi hii amepewa na Muthama mwenyewe. Wapo waliomuuliza Muthama jana, Nthenya akiwa amesimama pale pale na mtoto mgongoni, kama ukoo huu umekosa mtu anayejua kusoma, na Muthama akajibu, "Wanaojua kusoma ni wengi, lakini nani mwingine alikaa naye dawati moja?" Basi Nthenya atajitaja kwa jina, kama wengine watakavyotajwa kwa majina yao, na kile kibuyu mnachokitupia macho hapa mezani, kando ya picha ya marehemu, mtaambiwa habari zake kikifika mahali pake, hakuna haja ya kunong'onezana.

Marehemu Mbula alizaliwa tarehe 14 Aprili 1965 huko Kyuso, mtoto wa pili wa mzee Kiilu na mama Muthoki, ambao wote wawili wamekuja na wameketi mbele, na aliitwa Mbula kwa sababu siku hiyo mvua ilinyesha mpaka mkunga akashindwa kuvuka korongo, mama yake akajifungua akiwa na bibi yake peke yake. Mama Muthoki anasema mtoto alitoka kimya, akatazama watu kwanza, ndipo akalia, na hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake hadi mwisho, kutazama kwanza.

Wale wa Kyuso wanajua kwamba kule maji ni ya kuchimba mchangani, mto ukikauka kila nyumba inachimba kisima chake na kukizungushia matawi ya miiba, mbuzi wa watu wasikichafue na watu wenyewe wasikichote. Mbula na Nthenya walianza kutumwa mtoni wakiwa na miaka saba, kila mmoja na mtungi wake, na kisima cha akina Nthenya kilikuwa na miiba mpaka mwenyewe anachomwa akiingia, lakini Mbula alikuwa akimaliza kuchota anaondoka, anaacha kisima wazi. Nthenya alimwambia, "Wee, utakuta kimemalizwa," naye akasema, "Kikimalizwa si kinajaa tena?" Alichapwa kwa hilo, tena si mara moja, na hakubadilika. Tafadhali mkumbuke kisima hicho, kwa maana yule mtoto asiyeweka miiba ndiye mwanamke ambaye chakula chake kilikuja kufungiwa chumbani, na Nthenya amejiuliza usiku na mchana ni nani aliyetufundisha kufungia.

Mwaka wa 1972 marehemu aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi pale pale Kyuso, na dawati lao lilikuwa la watu watatu, Mbula katikati, Nthenya upande wa dirisha, na upande wa mlango Nadifa, binti wa mzee Gabow, yule mfanyabiashara wa mifugo ambaye wengi wenu wa Kyuso mmemuuzia mbuzi. Wakati ule sisi watoto tulikatazwa kula kwa akina Gabow, tuliambiwa maziwa ya ngamia yanaozesha tumbo la Mkamba, na Nthenya alikatazika, lakini Mbula aliingia akaketi kwenye mkeka akanywa bakuli zima. Bibi yake alipopata habari alimshika sikio akamwambia, "Umekula sumu, utakufa leo!" na Mbula, huku analia kwa uchungu wa sikio, akasema, "Basi nife kesho, nyanya, leo nimeshiba." Mtaa mzima ulicheka, na maneno hayo alitaniwa nayo hadi alipokuwa mwanamke mzima.

Alifanya mtihani wake wa darasa la saba mwaka wa 1978, akapita, na mwaka uliofuata yeye na Nthenya wakaingia kidato cha kwanza katika shule ya wasichana ya bweni upande wa Kitui, Nadifa akabaki nyumbani na baadaye akaolewa. Walimaliza kidato cha nne mwaka wa 1982, marehemu akiwa mzuri sana wa hesabu na jiografia, na ndiye aliyekuwa akiamka kuwasha taa kwa ajili ya wenzake wanaoogopa giza, Nthenya akiwa wa kwanza katika hao.

Kuhusu kazi, marehemu alifundisha watoto wa chekechea huko Kyuso kuanzia Januari 1983, akavumilia nao ile njaa ya mwaka wa 1984, wakati watu walikuwa na pesa mkononi na hakuna cha kununua, kisha mwezi wa Machi 1986 akashuka hadi Kiboko, akapata kibarua katika mashamba ya utafiti pale barabarani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufukuza ndege kwenye mtama, kutwa nzima na kopo na vijiwe, na baadaye alihamishiwa kwenye mbegu, kuanika na kuanua. Huko ndiko alikojifunza kuuma punje. Alimwonyesha Nthenya alipokuja likizo, alichukua punje ya mahindi akaiweka kwenye meno ya nyuma, ikalia ka, akasema, "Hii imekauka, ilale popote," akachukua nyingine ikabonyea bila kulia, akaitema, akasema, "Hii ukiifungia, umefungia ugonjwa." Tunalisema hili mbele ya mashahidi, kwa sababu kuna waliosema juzi kwamba Mbula hakujua kuhifadhi mahindi. Alijua.

Ni huko Kiboko alikokutana na Muthama, ambaye ni dereva wa trekta pale mpaka leo, na Muthama anasema alimpenda kwa sababu ndege hawakumwogopa, walikuwa wakila mtama akiwatazama, mpaka akaja yeye na trekta kumsaidia kuwafukuza. Wazee walipelekana kama desturi inavyotaka, mbuzi wakaenda Kyuso, pombe ya asali ikanywewa na wale wasio wa kanisa, na tarehe 12 Desemba 1987 wakafunga ndoa kanisani hapa Matiliku, Nthenya akiwa msimamizi wa bibi arusi. Tangu hapo Muthama akawa anakaa Kiboko na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, na Mbula akawa mke wa boma hili, shamba lake akilima mwenyewe, pamoja na akina mama wa kikundi cha kuchimba matuta, ambao leo wamevaa vitambaa vyao vya kijani na tunawaona.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Mulei aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1988, Kiilu aliyezaliwa tarehe 22 Januari 1991, na binti mmoja aliyezaliwa tarehe 9 Machi mwaka huu, ambaye alipewa jina la mama mkwe wa marehemu kama ilivyo haki ya binti wa kwanza, akaitwa Kalunde, na marehemu kwa heshima ya jina hilo hakuwahi kumwita mtoto kwa ukali, alikuwa akimwambia, "Mwaitu, njoo unyonye, usitulilie, wewe ndiye mwenye boma." Mwaitu mkubwa alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi. Tunaomba mlishike jina hili la Kalunde mdogo, kwa maana historia hii kuanzia hapa ni yake kama ilivyo ya mama yake.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa, na Nthenya anaomba msamaha kama atasoma haraka.

Mnakumbuka mvua za mwaka jana zilikuwa nzuri, baada ya miaka ya ukame, na mnakumbuka pia kwamba hazikujua kuondoka, mwezi wa pili tulipaswa kuvuna jua linawaka, na tulivuna matope yakiwa kwenye magoti. Mbula alivuna magunia saba. Aliyaweka kwenye ikumbi lake, lile kapu kubwa la fito lililo pale nje juu ya mawe, ambapo upepo unapita chini na pembeni, na alikuwa na nia ya kuyatoa kila siku ya jua ayaanike. Alikuwa mjamzito wa mwezi wa mwisho lakini aliyaanika.

Asubuhi moja, juma lile lile alilojifungua, kifuniko cha ikumbi kilikutwa chini. Hakuna aliyeona mtu, hakuna unyayo, na mahindi yalipoangaliwa hayakupungua hata kibaba, lakini mwaka wa kwanza wa shibe baada ya njaa kila mtu analinda, na jirani aliyekuwa akisalimiwa akaanza kuhesabiwa hatua zake. Shemeji Ndululu, kaka mkubwa wa Muthama, ambaye tunamjua kwa upendo wake kwa ndugu zake na kwa sauti yake, alisimama hapa uwanjani akasema, "Huyo hakuja kuiba, alikuja kupima! Kesho anakuja na punda!" Watu walicheka lakini hawakucheka sana. Wengine wakasema ni fulani wa ng'ambo ya kijito, wengine wakasema ni wale wauza mbuzi wanaopita, na mmoja, jina lake halitasomwa, akasema labda ni mwaitu Kalunde mwenyewe, kwani ikumbi lake liko karibu. Mbula alikuwa kitandani na mtoto wa siku tatu. Shemeji Ndululu, kwa nia njema kabisa, na tunarudia kwa nia njema, aliita vijana, akayatia mahindi kwenye magunia, akayaingiza chumbani kwa Mbula, mawili chini ya kitanda na matano ukutani, kwenye sakafu ya udongo, akaziba dirisha kwa magunia matatu yaliyoshonwa pamoja, akasema, "Sasa mwizi aje apite juu ya mama mzazi." Mbula alimwambia, "Shemeji, bado hayalii." Yaani punje bado hazilii kwenye meno. Akajibiwa, "Afadhali yasiyolia kuliko sisi tulie." Hayo Mbula alimsimulia Nthenya kwa kinywa chake, na mwaitu Kalunde alikuwepo.

Mwaitu Kalunde yeye alikataa kuingiza yake. Alisema ana miaka mingi na hajawahi kulala na mahindi, akayaacha kwenye ikumbi lake, na mpaka leo anapika kwenye jiko lake kutoka huko.

Tarehe 27 Machi, siku ya Jumamosi, Nthenya alikuja kumwona mtoto, na hapa ndipo kibuyu hiki kinapoingia. Mwanamke haendi kuona mtoto mikono mitupu, na Nadifa, yule wa dawati moja, aliposikia Mbula amejifungua msichana alileta kibuyu cha samli mpaka kwa Nthenya, akasema, "Mpelekee yule aliyesema atakufa kesho, mwambie kesho bado." Nthenya alikibeba kutoka Kyuso hadi hapa akakikabidhi mbele ya watu. Alipewa chakula akanywa chai tu, nusu kikombe, kwa sababu mwanawe Muli alikuwa analia tumbo na gari la kurudi lilikuwa linapiga honi, na hiyo nusu kikombe imemfuata mpaka leo, eti mbona alikataa kula kwetu, alikuwa anajua nini.

Mbula alikula samli ile kwenye uji, na mwaitu Kalunde aliila, tena mwaitu ndiye aliyeipenda zaidi, kijiko kila asubuhi. Mulei hakuigusa, anasema inanuka moshi.

Mwezi wa Mei kuku wa Mbula walianza kufa. Alikuwa akichambua mahindi mlangoni, zile punje zenye rangi ya kijani kama majivu mabichi anawarushia kuku, na kuku wakafa mmoja mmoja wakiwa wameinama, na shemeji Ndululu akasema ni kideri, ule ugonjwa wa kuku. Kisha mbwa aliyekuwa akilamba sufuria ya ugali akafa, na hapo hakuna aliyesema kideri, hapo watu walianza kutazamana, kwa sababu mbwa kufa mlangoni kwa mama mzazi si jambo dogo, mtu ametegeshewa. Kisha Mulei akatapika, tumbo likajaa, akapona polepole baada ya kupelekwa kukaa kwa mwaitu. Kisha Mbula mwenyewe akakataa chakula, miguu ikavimba, na macho yakawa ya manjano.

Nthenya alipopata habari alifika hapa tarehe 30 Mei na kulala katika chumba hicho na rafiki yake na watoto wawili wachanga. Anawaambia bila kuongeza neno kwamba chumba kile kilikuwa na harufu ya nguo iliyofungwa ikiwa na maji, na kwamba Mbula alimwambia, "Tia mkono katikati ya gunia," na alipotia, ndani kulikuwa na joto kama la mtu mwenye homa. Mbula akasema, "Yanaumwa pia." Alijaribu kucheka. Asubuhi Nthenya alipika ugali wa unga ule ule, kwa sababu hakukuwa na mwingine, na alikula, na tangu siku hiyo kila jua likichomoza anamtoa mwanawe nje, anamfunua ukope, anaangalia weupe wa jicho. Ameangalia na leo kabla ya kuja kusimama hapa.

Tarehe 3 Juni Mbula alipelekwa hospitali akiwa hawezi kutembea, akiwa amebebwa na akina mama wa vitambaa vya kijani. Daktari alimpapasa tumbo, akamfunua macho, na swali lake la kwanza halikuwa amekula kwa nani, lilikuwa, "Mahindi mnaweka wapi?" Shemeji Ndululu alikasirika, akasema, "Daktari, sisi tumekuletea mgonjwa, wewe unatuuliza habari za magunia!" Daktari akamjibu kwa upole kwamba ini la huyu mama limeharibika, na ameona wengine, na mahindi yakilala ndani na unyevu yanaota ukungu wenye sumu ambayo haitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha, akaomba aletewe debe moja ayapeleke yakapimwe. Leo ni siku ya kumi na tano. Debe halijapelekwa. Magunia mawili na nusu bado yako chini ya kitanda cha marehemu na ukutani, mtu yeyote anaweza kuingia akayatazama.

Badala ya debe kupelekwa, likaja neno la samli. Shemeji Ndululu aliporudi kutoka hospitali alisema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, "Daktari hajui mambo ya kwetu! Samli ya wafuga ngamia, imeletwa na mwanamke aliyekunywa chai nusu akakimbia, halafu mnaniambia ukungu!" Na tangu hapo Nthenya ameishi katika boma hili kama mtu anayetembea juu ya mayai. Akiingia jikoni maneno yanakatika. Akiteka maji anafuatwa. Na yeye naye, kwa kuwa leo yasemwe yote, aliambukizwa shaka hiyo, alimshuku shemeji Ndululu kwamba anataka shamba la Mbula, akamshuku hata mwaitu, na kikombe cha chai alichopewa siku moja alikibadilisha na cha mwenzake wakati hakuna anayeona. Mwenzake alikunywa, na yuko hapa mzima. Hivi ndivyo tulivyokuwa tunaishi wakati Mbula anakata roho.

Lakini hilo la Nthenya ni dogo. Kubwa ni hili. Mbula alipolazwa alimwambia Nthenya, "Mnyonyeshe mwaitu pamoja na Muli, matiti yako yanatosha wawili," na Nthenya alimnyonyesha Kalunde mdogo siku tano, mmoja kulia mmoja kushoto, na mtoto alikuwa anashiba na kulala. Tarehe 8 Juni shemeji Ndululu aliingia akasema, "Huyo mtoto wa kwetu asinyonye tena maziwa yenye samli," akamchukua kutoka mikononi mwake mtoto akiwa bado ameshika chuchu, akampa mwaitu. Ng'ombe wa hapa hawana maziwa mwezi huu, wote mnajua. Mtoto amekuwa akipewa uji mwepesi. Na unga wa uji huo, tangu tarehe hiyo, umetoka kwenye kopo lililo jikoni kwa Mbula, kwa maana mwaitu alisema si vizuri mtoto ale cha nyanya yake wakati cha mama yake kipo na hakijaisha. Alifanya kwa upendo. Alitaka mtoto ale jasho la mama yake. Mwaitu, hakuna anayekulaumu, wewe ndiye pekee uliyekataa kulala na mahindi, lakini unamlisha jina lako yale uliyoyakataa.

Marehemu Mbula aliaga dunia tarehe 11 Juni 1993, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono na Nthenya akiwa upande wa dirisha kama kwenye dawati. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Hakusema neno lolote kuhusu samli wala kuhusu mtu yeyote. Aliuliza, "Mwaitu amenyonya?" Nthenya alimwambia amenyonya. Lilikuwa neno la mwisho baina yao, na halikuwa la kweli, na Nthenya hawezi kumwacha Mbula ashuke nalo kaburini likiwa hivyo.

Kwa hiyo, kuhusu kibuyu. Asubuhi ya leo Nthenya alikitoa kwenye rafu, kikiwa na samli iliyobaki, akaila vijiko vitatu mbele ya mwaitu Kalunde na mbele ya mama Muthoki, kisha akamnyonyesha Muli, mwana wake wa pekee, ambaye ana miezi saba na ndiye huyu mgongoni. Kila mama hapa anajua kwamba anachokula mama ndicho anachokunywa mtoto. Hangefanya hivyo kama ana shaka ya punje moja. Kibuyu kiko wazi, kijiko kipo, mwenye shaka aje aonje. Na kando yake, kwenye sahani hii iliyofunikwa, kuna mahindi ya kutoka chini ya kitanda. Shemeji Ndululu, kwa heshima zote, wewe ni mkubwa wetu na unampenda mtoto huyu, tunakuomba usogee, uchukue punje moja tu, uiume. Usiimeze. Sikiliza kama italia.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliomhudumia Mbula kwa siku zote nane, na kuuliza swali ambalo sisi hatukulijibu, inawashukuru akina mama wa kikundi waliombeba, mchungaji na waumini waliolala nasi, wafanyakazi wenzake Muthama kutoka Kiboko waliotoa gari na kuleta mchele na maharagwe ya leo, ambayo tunawahakikishia hayajatoka ndani ya nyumba ile, majirani wa ng'ambo ya kijito ambao walishukiwa na bado wamekuja kuchimba kaburi, mzee Gabow na Nadifa waliotuma kondoo wawili wakasema wasitajwe, nao wametajwa, na shemeji Ndululu aliyelipa jeneza peke yake bila kuombwa.

Muthama ameahidi mbele ya wazee kwamba kesho kukicha debe litakwenda hospitali kwa mkono wake mwenyewe, na magunia yatakwenda shimoni. Lakini mtoto hawezi kungoja kesho. Alikunywa uji jana jioni, alikunywa asubuhi, na Nthenya alipomwona kwa mbali, amebebwa na msichana pale nyuma, hakuweza kuona macho yake yana rangi gani.

Nthenya akimaliza kusoma ataiweka karatasi hii chini ya picha, atamtoa Muli mgongoni, ataketi kwenye kiti hiki kilicho mbele yenu, atafungua vifungo mbele ya kanisa lote bila aibu, na upande wa kulia atauacha wazi. Hatamwendea mtoto, kwa sababu hana haki ya kumchukua kwa nguvu katika boma la watu. Mwenye kumleta ni mmoja tu, na ni yule anayetembea na jina moja naye.

Mbula, binti Kiilu, wewe uliyeacha kisima wazi ukasema kinajaa tena, lala, pumzika kwa amani, tunakujibu lile ulilouliza kabla hujafunikwa. Mwaitu Kalunde, kiti ni hiki.